Mkunga Hufa Mara Thelathini kwa Siku

Jumatatu, 3 Machi

Nimerudi kazini. Wiki sita! Ngazi zile zile, duka la miwani chini, harufu ile ile ya zulia lililolowa likakaukia ndani. Kuna mtu ameweka ua kwenye glasi juu ya meza yangu. Hakuna aliyesema ni nani. Walinipa pole mmoja mmoja, kwa zamu, kisha kila mtu akakimbilia skrini yake kama ndiyo inayoungua.

Bosi akaniita pembeni. (Tunamwita Bosi kwa utani, ana miaka thelathini na nne na huvaa kandambili ofisini.) Akasema si lazima nirudi kwenye lango. Mchezoni kuna soko la kujaribu, kuna mapango, kazi zimejaa tele. Nikamwambia lango ni langu. Akaniuliza kama nina uhakika. Nikasema ndiyo. Sina uhakika hata wa siku ya leo.

Nataka niandike kila kitu kwa utaratibu, hata ninachokijua. Labda kwenye karatasi kitapungua.

Mchezo wetu wa kompyuta unamhusu mjumbe anayepeleka barua kupitia nchi iliyofurika. Njia nzima anafuatana na Mkunga, mama wa makamo mwenye kikapu na maneno mengi. Kwenye lango la bwawa Mkunga anashika gurudumu la chuma ili lango lisishuke, mjumbe apite. Mjumbe anapita. Moyo wa Mkunga unashindwa. Mjumbe anazunguka kwa ngazi za juu, anamkuta chini, wanaongea kidogo, basi. Dakika sita na nusu. Kazi yangu ni kucheza dakika hizo mara thelathini kwa siku na kuandika kila kinachokwenda kombo.

Sauti ya Mkunga ni ya Mama.

Leo nimecheza mara tisa tu.

Jumanne, 4 Machi

Mara kumi na saba. 

Nakumbuka Mama alivyoingia humu. Mwaka jana, mvua. Aliniletea funguo nilizosahau nyumbani, akapanda ngazi zote huku akizisema: ngazi gani hizi, mnapandisha watu au mnawaadhibu? Fundi Sauti alikuwa amekata tamaa — mwigizaji wake alikuwa amepotelewa na sauti siku ya tatu ya kurekodi. Akatoa kichwa chumbani kwake, hedfoni shingoni, akauliza, "Huyo ni nani?"

Miaka thelathini na moja Mama alikuwa opereta wa simu hospitalini. Watu waliijua sauti yake, uso hawakuujua. Sokoni akiuliza bei tu, mtu anageuka.

Akakubali kuwa Mkunga siku hiyo hiyo! Akakaa kwenye kile chumba cha kurekodia chenye magodoro ukutani kama malkia. Ila maneno ya kufa aliyakataa. Mwandishi wetu alikuwa amemwandikia hotuba nzima — ibebe nuru yangu, usiliruhusu giza, sijui nini. Mama akaisoma mpaka mwisho, akavua miwani. Akamwambia Mwandishi: mwanangu, nimeunganisha simu za watu waliokuwa wanaaga. Hakuna hata mmoja aliyeongea hivi. Wanauliza kama mlango umefungwa. Wanauliza nani atampokea mtoto shuleni.

Basi akasema ya kwake. Mara moja tu, bila kurudia. "Umelowa hivyo utaugua. Kwenye kikapu kuna shuka, chukua. Usinitazame hivyo. Nenda." Kisha pumzi tatu. Fundi Sauti alibaki ameshika meza. Mama akafungua macho akauliza kama chai ipo.

Tulicheka sana siku ile. Mimi nilicheka kuliko wote.

Alhamisi, 6 Machi

Leo wamekuja wachezaji wa nje, watano, watu wa kawaida tu, wacheze tuwatazame kupitia kioo. Hawajui lolote kuhusu Mama. Bosi aliniambia nibaki nje. Nikabaki ndani.

Wa kwanza alikuwa muuza nyama, mikono kama makasia. Alicheka njia nzima na Mkunga, akawa anamjibu kabisa. Akafika langoni, akavuka, lango likaanguka. Akapanda ngazi mbio. Mkunga akasema maneno yake. Yule baba akaweka pedi ya kuchezea mezani, polepole, akafunika uso kwa viganja viwili. Akakaa hivyo. Baadaye akauliza, "Nimekosea wapi?"

Wote huuliza hivyo. Njia ya kumwokoa iko wapi? Wa pili, mwanafunzi wa uuguzi, alirudi nyuma mara nne. Akajaribu kupita mbio. Akajaribu kupita kinyumenyume. Akajaribu kutupa kikapu mtoni, eti labda kikapu ndicho kinachomchosha. Wa tatu alikusanya maua yote ya ukingoni, akayatandaza juu yake moja moja, dakika ishirini, wakati mchezo haumlipi kitu kwa hilo.

Mwandishi anasema ndiyo tofauti. Kwenye sinema anakufa mtu, wewe umekaa. Huku ni kidole chako kilichobonyeza. Akanikumbusha mbwa wa mchezo wetu wa kwanza, yule wa mnara wa taa. Tulimuua katikati ya hadithi kwa sababu tulishindwa kumtengenezea mwendo wa kupanda ngazi! Sababu ya kijinga vile. Mpaka leo barua zinakuja. Mwanamke mmoja aliandika kwamba hakuweza kumzika mumewe vizuri, lakini kumzika mbwa yule aliweza.

Nikiwa kwenye kioo nilijiona nikimtazama muuza nyama kwa wivu. Yeye alifika. Alipanda ngazi mbio, akamkuta bado anaongea.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeona kitu.

Mara ya kumi na mbili, sikuondoka. Kwa kawaida akishakufa skrini inafifia ukitembea hatua kumi. Mimi sikutembea. Nilikuwa natafuta leso kwenye mkoba. Nilipoinua macho — kifua kilikuwa kinapanda na kushuka.

Anapumua. Amekufa, macho yamefungwa, mkono umelegea kama tulivyoupanga — na anapumua. Polepole. Kama Mama akisinzia kwenye kiti mchana, na redio inaongea peke yake.

Najua ni nini. Mtu akisahau kuzima mwendo wa kusimama, ule wa mhusika kupumua akiwa ametulia, unaendelea chini kwa chini. Kosa dogo, dakika tano kulirekebisha. Natakiwa kuandika: *Maiti inapumua. Uzito: mkubwa.*

Nimeandika neno la kwanza, nikafuta.

Nilikaa pale mpaka chakula cha mchana. Programa, anayeuandikia mchezo amri zake, alipita nyuma yangu, nikageuza skrini upesi kama mwizi.

Jumamosi, 8 Machi

Nyumbani. Nimefua. Birika likianza kuchemka lina sauti kama pumzi ya kwanza kati ya zile tatu. Nikalizima kabla halijachemka. Baba akainywa chai ya uvuguvugu hivyo hivyo.

Jumapili, 9 Machi

Balaa limefika mezani.

Mama mdogo alikuja mchana, na mikoba yake, na pua yake inayonusa mambo. Ameisikia habari kwa mwanawe — kuna kipande cha tangazo la mchezo mtandaoni, sekunde thelathini, sauti ya dada yake ndani. Akaniuliza mbele ya Baba kama ni kweli. Nikasema ni kweli, Mama alirekodi, alitia sahihi mwenyewe, alifurahi.

Akauliza anafanya nini humo.

Nikaanza kukusanya vikombe. Na hilo likajibu.

"Anakufa?" akasema. "Mmemuua humo ndani? Na kila mwenye kidole atakuwa anamuua dada yangu, chumbani kwake, huku anakula?"

Nikajaribu kueleza. Mkunga ni mhusika. Ni hadithi. Akanikata: basi tafuteni sauti nyingine ya hadithi. Dada yangu amekufa mara moja, inatosha. Akamgeukia Baba. "Shemeji, wewe ulijua?"

Baba alikuwa anajua Mama amerekodi "mambo ya mchezo wa akina binti." Ya kufa hakujua. Yeye alikuwa fundi wa lifti maisha yake yote, mtu wa vyuma, akisikia jambo zito huangalia mikono yake. Akaiangalia. Kidole cha shahada kifupi, kililiwa na mnyororo kabla sijazaliwa.

Mama mdogo akasema mpaka Ijumaa anataka jibu: sauti iondolewe. La sivyo atakuja kukaa kwenye ngazi za ofisi yetu na watu wamwone.

Alipoondoka Baba aliniuliza swali moja tu. Je, Mama mwenyewe alikuwa anajua kwamba mhusika wake anakufa? Nikasema alijua, tena maneno alitunga yeye.

"Alitunga yeye," akarudia. Akaenda kulala saa tisa mchana.

Jumatatu, 10 Machi

Nikamwambia Bosi. Sikuwa na namna. Alisikiliza mpaka mwisho, kandambili moja imemtoka mguuni. Akasema mkataba upo lakini hatatumia mkataba kwa jambo kama hili. Familia ikisema hapana, atamrudisha yule mwigizaji, watarekodi upya Mkunga mzima, na tarehe ya kutoa mchezo itasogea, na hapo tutaona kama bado kuna kampuni. Hakulisema hili la mwisho kwa kunitisha. Alilisema akitazama dirishani. Nakala ya mwisho inatakiwa kupelekwa Ijumaa saa sita mchana.

"Mzee aamue," akasema. "Lakini wewe je?"

Hapo hapo Programa akaniita.

Ameiona ile pumzi. Ameiona mwenyewe, kwenye mashine yake. Akaniuliza kwa upole — ndiye mpole kuliko wote humu, akipiga chafya anaomba radhi kwa viti — kama sijawahi kuikuta, kwa mara zote hizi thelathini thelathini. Nikasema niliikuta Ijumaa.

Akanitazama. Akavuta kiti chake karibu na changu.

"Nikiizima sasa, utataka kuwepo au utoke?"

Nikasema nitakuwepo.

Akaandika mstari mmoja. Mmoja tu! Akabonyeza. Kifua kilipanda, kikashuka, hakikupanda. Nikahesabu mpaka hamsini. Programa alikuwa anahesabu pia, niliona midomo yake.

Kisha nikaandika kwenye orodha: *Limerekebishwa. Limethibitishwa.* Nikaweka na saa. Hiyo ndiyo kazi.

Jumatano, 12 Machi

Leo sikwenda kazini. Nimemwambia Baba.

Sijawahi kuliandika hili, hata humu. Naliandika sasa, haraka, kabla sijajizuia.

Siku ile asubuhi Baba alinipigia simu mara nne. Saa tatu na dakika tano, saa tatu na nane, na tisa, na ishirini na mbili. Simu ilikuwa kimya ndani ya mkoba. Nilikuwa na hedfoni. Nilikuwa langoni. Mama alikuwa anakufa jikoni, na mimi nilikuwa namsikiliza Mama akifa masikioni mwangu, na nilikuwa napiga miayo. Nakumbuka kabisa nilipiga miayo! Nikaandika kwamba kivuli cha kikapu kimekaa upande usiofaa.

Kila mara ninayocheza, saa ya kwenye kona ya skrini natamani irudi tatu na tano.

Baba alikuwa anakaza skrubu za mlango wa kabati. Nilimwambia nimesimama, mgongo ukutani. Hakuacha kukaza mpaka skrubu ikafika mwisho. Kisha akasema:

"Nilijua uko kazini. Nilikuwa sikupigii uje. Usingefika."

"Sasa ulinipigia kwa nini, Baba?"

"Nilitaka aisikie sauti yako. Nilimwekea simu sikioni."

Nikakaa chini, pale pale sakafuni.

Akakaa na yeye, kwa shida, magoti yanalia. Akaniambia ambacho hajamwambia mtu. Watu wote msibani walimuuliza Mama alisema nini mwishoni, na yeye alikuwa anajibu kwamba aliwaaga, aliwataja wote. Uongo. Kiharusi kilichukua mdomo kwanza. Alikuwa anaufungua, anaufunga. Anamtazama Baba, anaufungua tena. Hakuna kilichotoka. Mtu aliyeongea miaka thelathini na moja, watu wakamlipa kwa kuongea!

"Nakaa hapa nikijiuliza alitaka kusema nini," Baba akasema. "Mchana kutwa. Naanza mimi, namalizia mimi, naona siyo."

Kisha, bila kunitazama: "Kwa hiyo huko kwenu anaongea? Mwishoni, anaongea?"

Nikasema anaongea.

"Nipeleke."

Nikamwambia siyo maneno yake hasa, Baba, ni ya Mkunga, anamwambia mjumbe. Akasema si aliyatunga yeye? Nikasema ndiyo. Akasema basi.

Alhamisi, 13 Machi

Mama mdogo amepiga simu. Nimemweleza kwamba Baba anakuja kusikia kesho. Akasema tunamfungua kidonda mzee wa watu kwa ajili ya mchezo wa watoto. Halafu akalia. Halafu akakata. Labda ana haki. Sijui. Nilipokuwa nafunga dirisha nilijikuta namuomba Mama ushauri kwa sauti.

Ijumaa, 14 Machi

Naandika nikiwa ofisini, nyuma ya kiti cha Baba. Daftari gotini. Saa tano kasoro robo asubuhi.

Baba amekuja na shati jeupe, amenyoa, kidevu kimebaki na alama ya wembe. Kwenye ngazi alipumzika mara mbili. Akatafuta mlango wa lifti ukutani, hakuuona. "Orofa tatu!" akaninong'oneza, kama mtu aliyetukanwa. Bosi amevaa viatu leo. Wote walisimama, shikamoo Mzee, marahaba, marahaba. Fundi Sauti alishindwa kumtazama usoni.

Nilimuuliza kama anataka nimchezee, yeye atazame tu. Akasema hapana, nipe. Akaigeuza pedi, akaangalia skrubu zake chini kwanza. Nikamwonyesha: hiki cha kutembea, hiki cha kugeuza macho. Nikamwekea hatua chache kabla ya bwawa.

Mjumbe akagonga ukuta. Akazunguka kama kuku aliyelewa. Akagonga ukuta mwingine. Mara Mkunga akasema nyuma yake, "Polepole, tope hilo linakula viatu."

Baba aliacha kila kitu. Bega lake moja likashuka. Mwandishi akatoka nje ya chumba.

Akaendelea. Alijifunza upesi, mikono yake imezoea vyuma. Wakafika langoni. Maji yanapiga kelele. Mkunga akaliona gurudumu, akalishika, akalikaza kwa mwili wake wote. "Haya pita! Nimeshika mimi!" Na neno likatokea chini ya skrini: *Vuka.*

Baba akauliza, "Nikivuka ndiyo anakufa?"

"Ndiyo, Baba."

"Na nisipovuka?"

Nikamtazama Programa. Programa akasema kwa sauti ndogo kwamba usipovuka hakuna kinachotokea, Mzee. Anabaki ameshika.

"Atachoka?"

"Hapana. Hatukumwekea kuchoka."

Baba akaitikia kwa kichwa kama fundi aliyeelezwa jinsi mashine ya mwenzake inavyofanya kazi. Akaishusha pedi kwenye mapaja. Hakuizima. Aliishusha tu.

Dakika moja. Mbili. Mimi huwa navuka ndani ya sekunde nne, mara zote hizo, mamia kwa mamia, nina orodha ya kumaliza. Sijawahi kusimama hapa. Nilidhani kuna maji tu.

Kisha Mama akasema, "Unangoja nini hapo?"

Nilishtuka nikaangusha kalamu. Sijawahi kuisikia hiyo!

Maji. Halafu: "Au miguu inauma? Simama basi kidogo, mimi nipo."

"Inauma," Baba akajibu. Na akacheka — kicheko kifupi, kimetoka kifuani bila ruhusa.

Fundi Sauti ameinama sikioni kwangu. Anasema siku ile ya kurekodi alimwacha Mama ndani na kipaza sauti, akamwambia aongee kama anamsubiri mtu anayechelewa. Aliongea karibu nusu saa. Yeye aliyaweka yote humo, hakuna aliyeyasikia, maana hakuna anayengoja. Amesahau yapo mangapi.

Sasa simu yangu inatikisika kwenye mkoba, ni Mama mdogo, anataka jibu lake. Bosi ameegemea mlango. Ameitazama saa ya ukutani mara tatu. Anafungua mdomo, na Baba, bila kugeuka, ameinua kiganja hewani: ngoja.

Kwenye skrini neno *Vuka* linawaka na kuzima. Kidole cha Baba kiko mbali na kitufe. Maji yanakwenda. Mama anakohoa kidogo, kama alivyokuwa anakohoa kabla ya kuanza habari ndefu.